Marshall 1971: timu iliyoshinda mechi 2 tu na mpaka leo haisahauliki



Juzi kijiweni tumebishana mpaka chai ikapoa. Mshikaji mmoja kauliza: msimu gani wa timu yoyote duniani ndio mkali kuliko yote? Wakaanza: Arsenal ya 2003/04 haikufungwa, Man U ya 1999 na makombe matatu, na kadhalika. Mimi nikasema Marshall ya 1971. Kimya. "Marshall ndio nani? Walichukua nini?" Nikajibu hawakuchukua kitu, walicheza mechi 10 wakashinda 2. Walicheka mpaka muuza kahawa akageuka.

Sasa nimeona badala ya kupiga kelele niandike hapa, kila kitu kwa mpangilio, ili mtu akibisha abishe akiwa na data. Mimi si mtaalamu wa futiboli ya Kimarekani. Nilianza kuifuatilia hii habari mwaka 2008 baada ya kuona filamu ya We Are Marshall kwenye DVD ya kukodi, nikabaki na maswali mengi kuliko majibu. Tangu hapo nimekuwa nasoma kila ninachokutana nacho. Twende.

KWA HARAKA HARAKA

- Timu: Thundering Herd, ya Chuo Kikuu cha Marshall
- Mji: Huntington, jimbo la West Virginia, Marekani, kando ya Mto Ohio
- Rangi: kijani na nyeupe
- Kocha wa 1971: Jack Lengyel
- Uwanja wa nyumbani wakati huo: Fairfield Stadium
- Matokeo ya msimu: kushinda 2, kufungwa 8

KWANZA TUELEWANE HUU MCHEZO

Kwa ambao hawajawahi kuutazama: sio soka. Kila timu ina watu 11 uwanjani, wamevaa helmeti na mapedi mabegani, mpira wenyewe umechongoka kama yai. Uwanja una urefu wa yadi 100 bila kuhesabu maeneo ya kufungia huko mwisho. Timu yenye mpira inapewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Ikifanikiwa inapewa mengine 4. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Ukiufikisha mpira eneo la mwisho la mwenzako umepata tachidauni, pointi 6, halafu unaruhusiwa kupiga teke la nyongeza kwa pointi 1. Ukiona huwezi kufika unaweza kuupiga mpira upite katikati ya milingoti, hiyo ni pointi 3. Anayeongoza mashambulizi anaitwa kwotabeki. Yeye ndiye anapokea mpira na kuamua aurushe, ampe mwenzake au akimbie nao.

Jambo la pili la kulijua: kule Marekani timu za vyuo ni kitu kikubwa sana. Mji mdogo usio na timu ya kulipwa, timu ya chuo ndiyo Simba na Yanga yao kwa pamoja. Huntington mwaka 1970 ilikuwa na watu kama 74,000 hivi. Daktari, fundi, mfanyabiashara, wote Jumamosi wako Fairfield Stadium.

La tatu, na hili ndilo ufunguo wa habari nzima: zamani hizo kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, zilikuwa haziruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuchezea timu kubwa. Walikuwa na timu yao ya pembeni. Weka hilo kichwani, tutalirudia.

JUMAMOSI, 14 NOVEMBA 1970

Marshall walikuwa wamesafiri kwenda jimbo la North Carolina kucheza na East Carolina. Wakafungwa 17-14. Mechi ya kawaida ya timu ya kawaida, kwa sababu msimu ule walikuwa wameshinda 3 na kufungwa 6. Kawaida timu ilikuwa inasafiri kwa basi au mechi za karibu, lakini safari hii walikodi ndege aina ya DC-9. Ndani yake walipanda wachezaji, makocha, na wapenzi wakubwa wa timu waliokwenda kuishangilia, baadhi yao madaktari na watu wazito wa mji pamoja na wake zao.

Usiku ule Huntington kulikuwa na mvua na ukungu. Uwanja wa ndege uko juu ya kilima, na haukuwa na kifaa cha kumwonyesha rubani mteremko sahihi wa kushukia. Saa moja na dakika 36 usiku, ndege ikagonga miti ya kilima kabla haijafika kwenye njia ya kutua, ikaanguka na kuwaka moto. Watu 75 walikuwamo. Hakupona hata mmoja.

Hesabu yake ni hii: wachezaji 37, makocha na wasaidizi 8, wapenzi wa timu 25, wahudumu wa ndege 5. Kocha mkuu Rick Tolley naye alikuwamo. Watoto 70 walipoteza mzazi mmoja au wote wawili, na 18 kati yao walibaki yatima kabisa. Wachezaji 6 hawakutambulika. Walizikwa pamoja katika makaburi ya Spring Hill, pale juu ambapo ukisimama unauona mji na chuo.

Wachunguzi walisema ndege ilishuka chini ya kimo kilichoruhusiwa bila marubani kuiona njia ya kutua. Kwa nini ilishuka, hawakuweza kulithibitisha. Walitaja uwezekano wa aina mbili: vifaa vya kupimia kimo kutosoma sawasawa, au marubani kutovitumia inavyotakiwa.

WALIOBAKI

Hapa ndipo nilipokuwa naganda kila nikisoma. Nate Ruffin, mmoja wa manahodha, hakusafiri kwa sababu alikuwa na jeraha la mkono. Ed Carter alikuwa Texas kwenye msiba wa baba yake. Kocha msaidizi Red Dawson alikuwa barabarani na gari, anakwenda kutafuta vijana wapya wa kusajili, na habari akazisikia kwenye redio ya gari. Fikiria: umetoka kuwaona watu wako mchana, jioni redio inakwambia hawapo.

Hao wachache, pamoja na wale vijana wa mwaka wa kwanza ambao kanuni iliwazuia kucheza, ndio walikuwa Marshall yote iliyobaki. Ile kanuni tuliyokuwa tunaiona ya kubania watu ndiyo iliyowaacha hai.

TIMU IVUNJWE AU ISIVUNJWE?

Usidhani wote walikubaliana kuendelea. Wapo walioona kuvaa tena jezi zile ni kutonesha kidonda, na mtu aliyemzika mwanawe huwezi kumwambia amekosea kusema hivyo. Upande mwingine Nate Ruffin na wenzake wakasimama kidete: tukiifuta timu, tumewafuta na wenzetu. Mwishoni Donald Dedmon, aliyekuwa anakaimu urais wa chuo, akaamua timu iendelee.

Kupata kocha nayo ilikuwa shughuli. Nani anataka kazi ya kukaa kwenye kiti cha marehemu, tena bila wachezaji? Mmoja, Dick Bestwick, aliikubali kazi, zikapita siku chache tu akarudi alikotoka, Georgia Tech. Ndipo Machi 1971 akapatikana Jack Lengyel, kocha wa chuo kidogo cha Wooster kule Ohio. Hakuwa na jina. Yeye ndiye aliyewabatiza vijana wake "Young Thundering Herd", yaani kundi lile lile la ngurumo, ila changa. Red Dawson akakubali kumsaidia kwa msimu mmoja huo tu, halafu akaachana na ukocha.

JINSI TIMU ILIVYOJENGWA

Wadau wa soka watasema: mbona Man U ilipata ajali Munich tarehe 6 Februari 1958, wakafa watu 23, wanane kati yao wachezaji, na siku 13 baadaye wakaingia uwanjani wakaifunga Sheffield Wednesday 3-0? Mbona Zambia iliwapoteza watu 30 kwenye ndege iliyoanguka baharini karibu na Libreville Aprili 1993, na mwaka uliofuata wakafika fainali ya Afrika wakafungwa na Nigeria 2-1?

Ni kweli, na hizo ni habari za kuheshimu. Lakini Man U walikuwa na uwezo wa kununua mtu. Zambia walikuwa na akina Kalusha Bwalya waliokuwa wanacheza Ulaya. Timu ya chuo hainunui mchezaji na haina watu nje. Mchezaji lazima awe mwanafunzi pale pale. Na futiboli ya Kimarekani inakula watu: kuna kikosi cha kushambulia, kikosi cha kuzuia, na wapiga mateke. Huwezi kwenda na watu 14.

Basi wakafanya mambo matatu.

La kwanza, Marshall wakaomba NCAA iwaruhusu kuwatumia vijana wa mwaka wa kwanza. Wakaruhusiwa. Mwaka 1972 kanuni hiyo ikaja kulegezwa kwa vyuo vyote, lakini mwaka 1971 ilikuwa ni huruma kwa Marshall.

La pili, wakatafuta watu kila kona ya chuo. Mpiga mateke wao, Blake Smith, alikuwa mchezaji wa soka! Ndiyo, soka hili hili letu. Wengine hawakuwa na udhamini wa michezo, walijitokeza tu mazoezini.

La tatu, wakabadili mfumo, na hili naomba mlisome taratibu. Jirani yao mkubwa ni Chuo Kikuu cha West Virginia, na kocha wake wakati huo alikuwa Bobby Bowden, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa makocha wakubwa kabisa katika historia ya vyuo. Bowden akawafungulia mlango makocha wa Marshall: njooni mtazame filamu zetu na vitabu vyetu vya mbinu. Ni sawa na Simba kumwonyesha kocha wa timu nyingine ya nyumbani daftari lake. Huko wakajifunza mfumo unaoitwa "veer", uliobuniwa na Bill Yeoman wa Houston.

Veer inakwenda hivi: kwotabeki anapokea mpira na kuelekea ubavuni. Ana njia 3. Anaweza kumpa mtu anayepenya katikati, anaweza kubaki nao akimbie mwenyewe, au anaweza kumtupia mwenzake anayekimbia pembeni. Ataamua vipi? Anamwangalia mlinzi mmoja ambaye ameachwa makusudi bila kuzuiwa. Mlinzi akienda katikati, mpira unakwenda nje. Akienda nje, mpira unakwenda katikati. Faida yake ni kwamba kuna jitu kubwa moja ambalo huhitaji kupigana nalo, unalichanganya tu akili. Kwa timu ya vijana wadogo wasio na misuli, hiyo ilikuwa dawa. Ila inamtaka kwotabeki mwenye akili nyepesi na roho ngumu. Marshall walikuwa naye: Reggie Oliver, mmoja wa wale waliokuwa mwaka wa kwanza 1970 wakabaki nyumbani.

MSIMU WENYEWE

18 Septemba 1971, mechi ya kwanza, ugenini kwa Morehead State. Wakafungwa 29-6. Wengi waliona ndiyo hivyo, wameingia uwanjani na hiyo inatosha.

25 Septemba 1971, mechi ya kwanza nyumbani tangu ajali. Wageni ni Xavier wa Cincinnati. Blake Smith, yule mtu wa soka, akapiga teke la yadi 31 likapita, na Marshall wakaenda mapumziko wakiwa mbele 3-0. Kipindi cha pili ikawa vuta nikuvute mpaka Xavier wakawa mbele 13-9. Muda ukaisha isipokuwa sekunde za mchezo mmoja. Marshall wako yadi 13 kutoka mwisho. Teke la pointi 3 haliwasaidii, wanahitaji tachidauni au basi.

Oliver akapokea mpira, akakimbilia upande mmoja na walinzi wakamfuata. Kisha akaurusha upande wa pili kwa Terry Gardner, ambaye mbele yake walikuwa wamejipanga wenzake wa kumsafishia njia. Gardner akakimbia mpaka ndani. Tachidauni, saa imeisha, 15-13.

Watu wakamwagika uwanjani, na wengi wao hawakuondoka. Walikaa pale pale muda mrefu baada ya mechi, wanalia na kukumbatiana, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kwenda nyumbani. Ilikuwa haijatimia miezi 11 tangu usiku ule wa kilimani.

Kama ni filamu, hapo maandishi yangepanda. Lakini msimu ulikuwa na mechi 8 zaidi, na wiki iliyofuata Miami ya Ohio wakawachapa 66-6. Sitaki kulificha hilo. Dunia haikuwaonea huruma. Walikutana pia na Toledo, timu ambayo kati ya 1969 na 1971 ilishinda mechi 35 mfululizo, hawakufua dafu.

30 Oktoba 1971 ndiyo siku nyingine ya kuandika kwa wino mwekundu. Ni siku ambayo waliosoma zamani hurudi chuoni kuitazama timu, na wapinzani walikuwa Bowling Green, timu nzuri iliyotegemewa kushinda bila jasho. Marshall 12, Bowling Green 10. Kwangu mimi hii ni kubwa hata kuliko ile ya Xavier, maana ile unaweza kusema ni bahati ya mchezo wa mwisho. Hii ilionyesha vijana wameanza kujua kazi.

Mwisho wa msimu: 2 na 8.

BAADA YA HAPO

Lengyel alikaa mpaka 1974. Rekodi yake yote pale ni kushinda 9 na kufungwa 33. Kwa hesabu za kawaida huyo ni kocha aliyechemsha. Baadaye akawa mkuu wa michezo wa chuo cha jeshi la majini la Marekani.

Timu ilisota. Msimu wao wa mwisho wa kushinda zaidi ya kufungwa kabla ya ajali ulikuwa 1964, na mwingine ukaja kupatikana 1984. Miaka 20! Halafu mambo yakafunguka. Mwaka 1992 wakachukua ubingwa wa taifa wa daraja lao. Mwaka 1996 wakachukua tena, mechi 15 bila kufungwa hata moja, wakiwa na kijana mmoja aitwaye Randy Moss. Mwaka 1999, wakiwa wameshapanda daraja la juu, wakaenda 13-0 na kwotabeki Chad Pennington. Miaka ya 1990 yote walishinda mechi 114 na kufungwa 25 tu.

Chuoni pale kuna chemchemi ya kumbukumbu iliyozinduliwa Novemba 1972. Kila mwaka tarehe 14 Novemba watu wanakusanyika, majina 75 yanasomwa, kisha maji yanazimwa. Yanakaa kimya kipindi chote cha baridi mpaka majira ya kuchipua. Mwaka 2020, miaka 50 kamili, timu ilicheza siku ile ile ya 14 Novemba na kuifunga Middle Tennessee 42-14.

Nate Ruffin alifariki 2001. Alizikwa Spring Hill, karibu na wale wenzake 6. Reggie Oliver naye alifariki 2018.

KUHUSU FILAMU

We Are Marshall ilitoka Desemba 2006. Matthew McConaughey ni Lengyel, Matthew Fox ni Dawson, Anthony Mackie ni Ruffin. Itazameni, ni nzuri, ila msiichukue kama kitabu cha historia. Kwa mfano yule mzee Paul Griffen anayeigizwa na Ian McShane ni mtu wa kubuni. Uchungu wake ndio wa kweli, maana wazazi wa namna ile walikuwepo.

KWA NINI NIMEWACHOSHA NA HAYA YOTE

Nitasema ukweli wangu. Nilikuwa kipa wa timu ya mtaani kwetu. Siku moja tulifungwa 7-0 na watoto wa mtaa wa pili, tukazomewa mpaka nyumbani. Wiki ile ile tukaivunja timu. Hakufa mtu, hakuumia mtu, tuliona aibu tu. Jezi zikagawanywa, mpira ukabaki kwa mtu, na mpaka leo wale tuliocheza pamoja tukikutana tunasalimiana kwa mbali kama watu waliodaiana.

Halafu nasoma kuhusu vijana wa miaka 18 na 19 waliofungwa 66-6 wiki moja baada ya ushindi wao mkubwa, na Jumatatu wakarudi mazoezini. Hawakuwa wanatafuta kombe. Walikuwa wanahakikisha kwamba mwaka 1972 itakuwepo timu ya kufungwa tena, na 1973, mpaka aje mtoto atakayeshinda. Bila zile 8 walizofungwa, ubingwa wa 1992 ungetoka wapi?

Zambia nao, tarehe 12 Februari 2012, walichukua Kombe la Afrika Libreville, mji ule ule ambao wenzao walianguka karibu nao. Tunaikumbuka sana fainali ile ya penalti. Ila kabla ya penalti zile kuna watu walikubali kuvaa jezi za marehemu 1993, wakati hakuna aliyejua mwisho wake.

Kwa hiyo washikaji wa kijiweni, jibu langu halijabadilika. Marshall 1971, kushinda 2, kufungwa 8.

Anayebisha, uwanja wa maoni uko hapo chini. Na kama timu ya mtaani kwenu nayo iliwahi kuvunjika halafu ikafufuka, tuambie mlifanyaje. Mimi mwenyewe nina namba za simu za watu watano wa kikosi chetu cha zamani, na wiki hii nimeshampigia mmoja.